Neva Kubwa ya Mguu na Njia Zake Mbalimbali

Leo twataka kuzungumza habari za kitu kimoja kilichomo ndani ya mwili wa kila mtu. Hakionekani kwa macho, wala hakuna akikumbukaye siku za afya. Walakini kikipatwa na dhara, mtu hujua siku ile ile. Kitu hicho ni mshipa mkubwa wa fahamu uendao mguuni. Tutaeleza jinsi unavyopita, jinsi njia yake isivyokuwa moja kwa watu wote, na kwa nini jambo hilo limhusu kila mzazi ampelekaye mtoto wake kupigwa sindano.

Kwanza hatuna budi kulifafanua neno lenyewe, maana neno "mshipa" katika Kiswahili hubeba mizigo mingi. Iko mishipa ya damu, ambayo ni kama mifereji. Tena yako maradhi ya kuvimba ambayo watu huyaita mshipa. Sisi leo hatusemi habari za hiyo. Twasema habari za mshipa wa fahamu, ambao waganga wa hospitali huuita neva. Neva si mfereji, wala haipitishi damu ya kwenda mwilini. Ni fungu la nyuzi nyeupe, nyembamba sana, nyingi mno, na kazi yake ni kupeleka habari. Amri hutoka kwenye ubongo, hupita katika uti wa mgongo, hushuka kwa neva mpaka kwenye misuli, nayo misuli ikakaza au ikalegea. Habari za joto, baridi na maumivu hurudi juu kwa njia hiyo hiyo. Ukikanyaga mwiba, ni neva iliyokwambia. Na ukiuinua mguu upesi, ni neva iliyouamuru.

Katika neva zote za mwili, iliyo nene na ndefu kuliko nyingine huitwa neva ya siatiki. Pale itokapo nyongani upana wake ni kama sentimita 2, yaani hukaribia upana wa kidole gumba cha mtu mzima. Mizizi yake ni mitano. Miwili hutoka kwenye pingili mbili za mwisho za kiuno, na mitatu hutoka katika ule mfupa wa pembe tatu ulio chini ya kiuno. Mizizi hiyo hukutana ndani ya nyonga ikawa kamba moja. Kisha kamba hiyo hutoka nyuma, katika uwazi ulio baina ya mifupa, ikashuka chini ya nyama ya kalio, ikafuata nyuma ya paja, mpaka karibu na goti.

Karibu na goti, kwa watu wengi, neva hii hugawanyika ikawa mbili. Ya kwanza hushuka moja kwa moja katika shavu la mguu mpaka kwenye wayo. Ya pili hupinda upande wa nje, ikauzunguka ule mfupa mwembamba ulio chini kidogo ya goti, ikaingia upande wa mbele wa muundi na juu ya mguu. Ukitaka kuzijua kazi zake, jaribu sasa hivi. Simama, ujinyanyue kwa ncha za vidole kama mtu anayechuchumia kitu kilicho juu ya kabati: kazi hiyo ni ya neva ya kwanza. Kisha simama kwa visigino, ukiinua vidole na mbele ya nyayo: kazi hiyo ni ya neva ya pili. Tukumbuke hii ya pili, maana ndiyo ipatayo taabu mara nyingi zaidi.

Tena kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Neva hizi mbili hazianzi kuwa mbili pale gotini. Ni mbili tangu mwanzo, ila zimefungwa pamoja katika ala moja, kama kamba mbili zilizotiwa katika mfuko mmoja mrefu. Kwa kuwa ni mbili, si ajabu kwamba katika watu wengine huachana mapema. Mto Rufiji hugawanyika matawi mengi unapokaribia bahari. Hebu tufikiri mto ule ungaligawanyika mbali huko bara, na kila tawi likashuka peke yake mpaka pwani: maji yangalikuwa yale yale, na bahari ile ile, lakini msafiri azoeaye kuvuka mto mmoja angalikuta miwili. Ndivyo ilivyo kwa neva hii. Kwa wengi hugawanyika karibu na goti. Kwa wengine katikati ya paja. Na kwa wengine huwa imekwisha gawanyika ndani ya nyonga, kabla haijatoka nje.

Sasa tutazame pale inapotoka nyongani. Pana msuli mmoja ndani ya kalio ambao waganga huuita pirifomisi, kwa sababu umbo lake ni nene upande mmoja na jembamba upande wa pili, kama parachichi lenye shingo. Msuli huo umelala kukingama juu ya uwazi ule itokamo neva. Desturi ya neva ni kupita nzima chini ya msuli. Lakini desturi si sheria. Mwaka 1937 wataalamu wawili wa elimu ya maungo huko Chicago, katika Marekani, Beaton na Anson, walizipanga njia hizi katika namna sita. Namna ya kwanza ni hiyo ya desturi. Ya pili, msuli umepasuka sehemu mbili, na neva ile ya upande wa nje hupita katikati ya msuli, na mwenzake hupita chini. Ya tatu, moja hupita juu ya msuli, na ya pili hupita chini. Ya nne, neva nzima huutoboa msuli. Namna mbili za mwisho waliziandika kwa kuwa zaweza kuwako, ingawa wao wenyewe hawakuwa wameziona.

Je, watu wenye njia hizi zisizo za desturi ni wangapi? Mwaka 2010 zilikusanywa hesabu za waganga wengi waliopasua maiti kwa ajili ya elimu, jumla yake zaidi ya miguu 6,000. Ilionekana kwamba katika kila miguu 100, kama 17 ilikuwa na njia nyingine. Fikirini darasa la watoto 50: huenda watoto kadhaa humo wakawa na neva isiyofuata njia iliyochorwa kitabuni. Tena mtu mmoja aweza kuwa na njia ya desturi mguu wa kulia, na njia nyingine mguu wa kushoto.

Jambo hili si kilema, wala si ugonjwa, wala si dalili ya kosa la wazazi. Tazama mgongo wa mkono wako. Utaona mishipa ya damu imechorwa kama njia za shamba. Sasa utazame mkono wa pili: michoro si sawasawa. Mtazame na ndugu yako wa tumbo moja: yake ni mingine. Sisi sote tumeumbwa kwa mfano mmoja, lakini si kwa kipimo kimoja. Mtu aweza kulima, kucheza ngoma na kubeba mizigo mpaka uzee wake, asijue hata siku moja kwamba neva yake imepita katikati ya msuli.

Kama ni hivyo, kwa nini tujisumbue? Twajisumbua kwa sababu zipo nyakati tatu ambazo tofauti hii hugeuka kuwa jambo la maana.

Wakati wa kwanza ni wa maumivu. Wako watu wapatao maumivu yaanziayo kiunoni au kwenye kalio, yakashuka nyuma ya paja mpaka mguuni, kama moto au kama umeme. Wengi husema ni baridi, na wengine husema wamerogwa. Sababu iliyo ya kawaida zaidi ilielezwa vema mwaka 1934 na Mixter na Barr huko Boston: kati ya pingili za mgongo pana vitako laini, na kimoja kikitoka mahali pake hugandamiza mzizi wa neva. Hata mwaka 1947 Robinson akaandika habari za maumivu ya namna nyingine, ambayo neva hubanwa na msuli ule wa pirifomisi. Watu wakadhani kwamba basi kila ambaye neva yake yapita ndani ya msuli lazima ataumwa. Lakini hesabu zile za mwaka 2010 zilionyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa waliopasuliwa kwa maradhi hayo, wenye njia isiyo ya desturi walikuwa kama 16 katika kila 100, karibu sawasawa na watu wengine. Kwa hiyo njia ya neva peke yake haitoshi kumhukumu mtu kuwa na maumivu. Mganga hana budi kumpima mgonjwa mwenyewe. Tena tuwaonye: mwenye maumivu haya akifa ganzi baina ya mapaja, au akishindwa kuzuia mkojo au choo, au miguu yote miwili ikilegea, asingoje kesho. Apelekwe hospitali siku ile ile.

Wakati wa pili ni wa kupasuliwa. Daktari atakaye kutengeneza kifundo cha mguu aweza kutia dawa ya ganzi karibu na neva nyuma ya goti, ili mgonjwa asisikie maumivu. Ikiwa neva imegawanyika juu, dawa yaweza kuishika moja na kuiacha ya pili, na mgonjwa akasikia kisu upande mmoja. Ndiyo sababu siku hizi, penye vyombo, madaktari huitafuta neva kwanza kwa mashine ya mawimbi ya sauti, wakaiona ilipo, ndipo watie dawa. Kadhalika daktari apasuaye nyonga kwa nyuma huitafuta neva na kuikinga, wala hakati kwa kutegemea picha ya kitabu tu.

Wakati wa tatu ndio ulio karibu nasi zaidi, nao ni wa sindano. Hapa twaomba msikilize kwa makini.

Katika vijiji vyetu watu wengi huamini kwamba dawa ya sindano ina nguvu kuliko dawa ya kumeza. Mtoto akipata homa, mzazi husema, "Mpigeni sindano, apone upesi." Mahali pa sindano huwa ni kalio, kwa kuwa nyama yake ni nene. Lakini tumekwisha ona nini kilichomo chini ya nyama ile. Na mtoto mchanga, tena aliyedhoofika kwa maradhi, hana nyama nene. Sindano ndefu humfika ndani upesi, na neva yake haiko mbali na ngozi kama ya mtu mzima.

Waganga hufundishwa kuligawa kalio kwa fikira sehemu nne, kama mtu akatavyo mkate kwa msalaba. Neva hupita katika sehemu za ndani na za chini. Iliyo mbali na njia yake ni ile ya juu upande wa nje. Lakini tusisahau kwamba neva ya mtu mwingine hutoka juu ya msuli, si chini, na ya mtu mwingine imekwisha kuwa mbili. Kwa hiyo apigaye sindano kwa kukisia, akishuka kidogo au akiingia ndani kidogo, hajui atakutana na nini. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa Uswisi, von Hochstetter, alieleza mahali pengine palipo salama zaidi, yaani ubavuni mwa nyonga, ambapo neva hii haipiti. Na kwa watoto wachanga Shirika la Afya Duniani limeagiza sindano za chanjo zipigwe katika paja, upande wa mbele na nje, wala si katika kalio.

Dhara huja kwa njia mbili. Yaweza kuwa sindano yenyewe imeichoma neva. Au yaweza kuwa dawa imemwagika ndani yake au kando yake, ikaiunguza. Dawa nyingine ni kali kwa nyama. Kwinini ni moja katika hizo. Nchini Uganda madaktari wamekwisha andika habari za watoto wengi waliolemaa mguu baada ya kupigwa sindano za kwinini katika kalio. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba watoto wenye malaria kali wapewe dawa iitwayo atesunati badala ya kwinini. Hiyo hutiwa katika mshipa wa damu. Au, penye haja ya kuipiga katika msuli, hupigwa mbele ya paja. Na kwa malaria isiyo kali, mtoto awezaye kumeza asitapike, dawa ya kumeza hutosha.

Mzazi atajuaje kwamba neva imedhurika? Mara nyingi dalili huonekana pale pale, au katika saa au siku chache baada ya sindano. Mtoto hulia kwa uchungu ushukao mpaka mguuni, si pale alipochomwa tu. Kisha mguu hulegea. Neva ile ya upande wa nje, tuliyosema tuikumbuke, ndiyo huumia zaidi. Basi mbele ya wayo huning'inia, na mtoto hawezi kuiinua. Akitembea huinua goti juu kama apandaye ngazi, na wayo hupiga chini kwa kishindo. Viatu vyake huchakaa mbele. Juu ya mguu hufa ganzi. Ikiwa na ya pili imeumia, hawezi kuchuchumia, na wayo hausikii mwiba wala moto.

Wako wasemao, "Huyu amepooza kwa polio." Mambo haya mawili hufanana, lakini si mamoja. Polio hulegeza misuli bali haiui hisia ya ngozi. Neva iliyochomwa kwa sindano huleta ganzi pamoja na udhaifu. Hata hivyo si kazi ya mzazi kuamua. Kila mtoto aliye chini ya miaka 15 ambaye mguu au mkono wake umelegea kwa ghafula yapasa apelekwe kwa mganga upesi, na habari zake zitolewe, ili ijulikane hakika ni nini.

Mtoto akipatwa, asichanjwe chale, asikandwe kwa maji ya moto juu ya ngozi iliyokufa ganzi, maana ataungua asijue. Apelekwe hospitali, na wazazi wamweleze mganga siku ya sindano, mahali ilipopigwa, na jina la dawa ikiwa walijua. Huko atatengenezewa kitu cha kuutegemeza wayo usipinde, naye atafundishwa mazoezi ya kunyosha na kutia nguvu misuli. Nyumbani mguu wake utazamwe kila jioni, usije ukawa na kidonda asichokisikia. Wengine, neva ikiwa haipati nafuu, hupasuliwa na madaktari wa mifupa au wa neva.

Tena yapasa kuwa na saburi. Neva iliyokatika nyuzi zake huota tena polepole, kiasi cha milimita 1 kwa siku, yaani kama sentimita 3 kwa mwezi. Tufanye hesabu pamoja, nanyi wanafunzi mwaweza kuiandika ubaoni. Kwa mtu mzima, ikiwa kutoka kalioni mpaka mguuni ni sentimita 90, hizo ni milimita 900, basi siku 900, karibu miaka miwili na nusu. Kwa mtoto ambaye safari hiyo ni sentimita 40, ni siku 400, zaidi ya mwaka mmoja. Wote hawaponi kabisa. Wengine hubaki na kilema maisha yao yote. Lakini mzazi aachaye mazoezi mwezi wa tatu kwa kuwa haoni faida, huenda ameyaacha neva ikiwa ingali njiani.

Basi tufanye nini? Hatusemi watu wakatae sindano. Zipo sindano ziokoazo maisha, na chanjo ni katika hizo. Twasema hivi: sindano ipigwe panapo haja, na mtu aliyefundishwa, katika zahanati au hospitali, si na jirani mwenye bomba la sindano nyumbani wala muuza dawa wa gulioni. Na mzazi anayo ruhusa ya kuuliza kwa adabu. Aseme, "Bwana mganga, je, dawa hii haipatikani ya kumeza?" Akiambiwa haipatikani, aseme, "Tafadhali, je, mtoto wangu aweza kupigwa katika paja?" Kisha mzazi amshike mtoto barabara, asitapetape, maana mtoto ajigeuzaye huigeuza na sindano. Mganga mwema hatachukizwa na maswali hayo. Yeye mwenyewe ajua kwamba hawezi kuona ndani ya ngozi, na kwamba wazee wetu walisema, "Tahadhari kabla ya hatari."

Nanyi mlio shuleni, wakati mwalimu atakapowaonyesha picha ya mwili wa mtu, mwilini humo mkaona kamba ya rangi ya manjano ikishuka nyuma ya paja, jueni kwamba picha hiyo ni ya kweli kwa watu wengi, si kwa wote. Huenda baadhi yenu mtakuwa waganga na wauguzi siku moja. Jambo hili mkilishika tangu sasa, wako watoto ambao hawajazaliwa bado watakaotembea vizuri kwa sababu yenu.